Goti la Kellen

Merton, Ohio
11 Oktoba 1998

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Niwie radhi kwa ukimya wangu. Tangu nilipoondoka kwenu mwezi wa Juni sijakuandikia hata mstari mmoja, na simu niliyompigia Mama Mkubwa siku yake ya kuzaliwa haihesabiwi, kwa kuwa ulikataa kuishika. Najua hupendi mambo ya maana yasemwe kwa simu.

Huku tu wazima. Mke wangu Lottie amerudi kufundisha watoto wa chekechea. Mapacha nao wananiuliza kwa nini kila Jumamosi baba yao huonekana kwenye televisheni akiwafokea watu wazima. Msimu wa mpira wa Kimarekani hapa chuoni unatuendea vibaya. Tumeshindwa mechi nne kati ya sita, na Kocha Mkuu Voss hamsalimii mtu asubuhi. Majani yameanza kuanguka. Nikipita barabarani naiwaza sukuma wiki ya Mama Mkubwa, ile iliyochemka na mfupa wa nguruwe mpaka ikalainika. Watu wa huku hawajui kuipika, nami sina moyo wa kuwafundisha.

Nimetazama kanda za mechi za Tavares. Mjukuu wako amekua. Mstari wa mbele wa timu yake unasimama kwa sababu yake peke yake. Kocha Voss alizitazama pia akasema, "Huyu mtoto ana miguu ya mtu wa miaka thelathini." Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa. Lakini amesikia kwamba chuo cha Talmadge hapo jirani kimemwahidi Tavares ufadhili wa masomo, na kwamba kocha wao huja kusali kanisani kwenu. Kocha Voss hapendi kijana mwenye njia mbili.

Nakuomba umwambie Tavares awaage Talmadge kwa heshima. Mimi ni mjomba wake. Siwezi kumwongoza vibaya.

Msalimie Mama Mkubwa na dada Corinne.

Wako,
Rayford


Lowry, Alabama
25 Oktoba 1998

Kwako Rayford,

Marahaba. Barua yako tumeipata na kuisoma.

Mama yako mkubwa sukari yake imepanda. Sasa huchomwa sindano kila asubuhi. Vidole vya mguu wake wa kushoto vimekufa ganzi, naye husema ni baridi tu, ingawa hapa bado tunafungua madirisha. Corinne yuko palepale kwenye kiwanda cha kuku. Ifikapo Ijumaa mikono yake haikunjiki vizuri, lakini hakosi mechi ya mwanawe hata moja.

Tavares amewaaga Talmadge. Namna alivyowaaga sikushauriwa. Jumapili iliyopita, Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye tangazo, Corinne alisimama, akamsimamisha mtoto, akatangaza kwamba anakwenda kucheza Ohio kwa mjomba wake. Kanisa zima lilipiga makofi. Shemasi Purvis akasema kwa sauti, "Basi sasa itatubidi tuwapende watu wa Ohio. Bwana atusaidie." Watu wakacheka sana. Kocha wa Talmadge, mtu mpole mwenye haya, alikuwa amekaa benchi la nyuma akiwa na mkewe. Walitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Hivyo ndivyo walivyoagwa.

Sasa nikurudishe mezani kwangu mwezi wa Juni. Ulikuwa umeshika paja la kuku. Hukuulizwa na mtu, ulimgeukia Corinne mwenyewe ukasema, "Dada, mtoto wako ni mtoto wangu. Akiumia, nitambeba mimi." Corinne ameyakariri maneno hayo na huyarudia kiwandani. Kwa ajili ya maneno hayo tumefunga mlango uliokuwa wazi.

Katika barua yako umenieleza miguu ya Tavares, ghadhabu za bwana wako na majani ya miti. Neno nililolitafuta sikuliona. Kwa hiyo nauliza swali moja, nalo lijibiwe kwa ndiyo au hapana. Je, nafasi ya Tavares ipo?

Mimi,
Leander Tolliver


Merton, Ohio
6 Desemba 1998

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimechelewa tena. Msimu ulikwisha vibaya kama ulivyoanza, na tangu hapo niko barabarani nikitembelea nyumba za vijana tunaowataka. Kila nyumba ina pai yake, na kukataa pai ni kumkataa mtoto. Lottie amenishonea suruali upya mara mbili.

Ganzi ya Mama Mkubwa isichukuliwe kimzaha. Tafadhali mpeleke hospitali ya Montgomery, msimtegemee daktari wa hapo Lowry.

Unataka ndiyo au hapana. Niruhusu kwanza nikueleze kazi hii ilivyo.

Tuna chumba kisicho na dirisha. Ukuta mmoja wote ni ubao, na kila mchezaji ana kibao chake kidogo cha sumaku chenye jina. Sheria inaturuhusu wachezaji themanini na watano wenye ufadhili, wala hakuna wa themanini na sita. Ufadhili wenyewe ni wa mwaka mmoja mmoja. Kila Julai Kocha Mkuu huamua nani aongezewe mwaka na nani asiongezewe. Sisi makocha wadogo tunaketi humo siku nzima tukinyang'anyana. Anayefundisha warusha mpira anataka mrushaji, anayefundisha wakimbiaji anataka mkimbiaji, nami natetea mstari wangu wa mbele. Juzi mwenzangu mmoja aliniambia, "Rayford, watu wako wanene hawauzi tiketi." Nikamjibu kwamba wakimbiaji wake bila wanene wangu wangekimbilia hospitali. Ndivyo tunavyozungumza.

Ubao umejaa. Kibao cha Tavares nimekiweka mwenyewe pembeni, nje ya mstari. Pembeni si hapana, Baba Mkubwa. Kila mwaka watu hutoka. Mmoja hufeli masomo, mwingine humkumbuka mama yake, mwingine huumia. Kocha Voss alipendekeza Tavares akae nyumbani mwaka mzima akingoja, nami nikakataa mbele ya wote.

Tumemwalika aje kututembelea tarehe 15 Januari, siku tatu, gharama zote ni zetu. Mwambie Corinne amfungashie koti zito.

Wako,
Rayford


Lowry, Alabama
19 Januari 1999

Kwako Rayford,

Marahaba. Mama yako mkubwa amekatwa kidole kimoja cha mguu wiki ya pili ya mwaka huu, hukohuko Montgomery ulikotushauri. Anakusalimu, na anasema vilivyobaki vinamtosha kuingia kanisani.

Tavares alirudi juzi jioni. Corinne alikuwa amewaita majirani waje wasikie habari za safari. Mtoto alisema nyama ilikuwa nzuri na theluji ilikuwa nyingi, akaenda kulala. Jana hakukuwa na shule, nikampeleka nyuma ya nyumba tukapasue kuni. Nilimwacha apasue mpaka mwenyewe akasimama.

"Babu," akasema, "unajua kila mgeni hupewa mchezaji wa kumtembeza. Mimi nilipewa mmoja anaitwa Kellen Stidham."

"Mtu wa wapi?"

"Kentucky, huko milimani kwenye makaa ya mawe. Anacheza nafasi yangu. Sasa hachezi, goti lina vyuma. Alisema walimpa mimi kwa sababu yeye ndiye pekee ambaye hana la kufanya."

Akanieleza kwamba mliwapeleka wageni kwenye chumba cha kuvalia, na kila mmoja akakuta kabatini jezi mpya yenye jina lake mgongoni, apigwe picha nayo. Yake ilikuwa namba sitini na sita, ileile anayovaa hapa Lowry. Kellen alikuwa amesimama naye.

"Alicheka, Babu. Akaniuliza, 'Mdogo wangu, wameifua kweli, au jasho langu bado limo?' Nikamwambia sikuiomba. Akasema, 'Najua hukuiomba. Hata mimi niliikuta imetundikwa.'"

"Ni namba yake?"

"Ni namba yake. Jina lake lilikuwa bado kwenye kabati la pili, lakini ndani hamkuwa na kitu."

Kisha walikwenda kula, wawili tu. Kellen akamwuliza ni kocha gani aliyefika kwetu. Tavares akasema ni mjomba wake, ndugu ya mama yake.

"Akaacha kula, Babu. Akasema, 'Kocha Rayford ni mjomba wako wa damu? Basi wewe una bahati. Alikula nini kwenu?' Nikamwambia kuku. Akasema, 'Kwetu alikula maharage na mkate wa mahindi, sahani tatu, mama akafurahi mpaka akaona haya. Alimwambia mama, "Mtoto wako ni mtoto wangu. Akiumia, nitambeba mimi." Je, kwenu alisemaje?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema sikumbuki."

Alichukua shoka tena, akalishika tu bila kupasua. Akaniambia kwamba Kellen alimkunjia goti hapo mezani ili alione. Linakunjika. Daktari amemwambia kwamba mwezi wa Agosti atakuwa anakimbia. Mama yake ni mpishi wa shule, naye hupiga simu kila Jumapili kuuliza habari za goti hilo, kisha husoma zaburi kwenye simu, na kijana huweka simu mezani akaendelea kufunga viatu mpaka imalizike.

Rayford, katika barua yako uliniambia kwamba watu hutoka. Hukuniambia kwamba hutolewa. Sasa nauliza tena, nami nitakuwekea swali kwa namna ambayo hutaweza kulizunguka. Ili Tavares aingie, anatoka nani, na kwa njia gani?

Mimi,
Leander Tolliver


Merton, Ohio
25 Januari 1999
Kwa posta ya haraka

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Habari ya kidole cha Mama Mkubwa niliisoma nikiwa nimesimama kwenye sanduku la barua, nikakaa hapohapo kwenye theluji. Mwambie nampenda.

Anatoka Kellen.

Kumpa Kellen kazi ya kumtembeza Tavares lilikuwa kosa la msichana anayepanga ziara. Aliona kijana hana mazoezi, akaandika jina lake. Jezi nayo ilitundikwa na mtu wa stoo, kwa kuwa karatasi ilisema sitini na sita. Mimi nilikuwa Florida kumtazama kijana mwingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hakuna aliyefikiri hata kidogo.

Sheria iko hivi. Mchezaji akithibitishwa na daktari kwamba hataweza kucheza tena kamwe, chuo huendelea kumsomesha, lakini hahesabiwi tena katika wale themanini na watano. Kibao chake hutolewa ubaoni, nafasi inakuwa wazi. Lakini mchezaji mwenyewe lazima atie sahihi akiri kwamba amekwisha.

Ijumaa Kocha Voss aliniita.

"Unamtaka mpwa wako?" akaniuliza.

"Namtaka."

"Basi niletee goti la Stidham."

"Daktari anasema atapona ifikapo Agosti."

"Daktari anasema huenda atapona. Mimi nimeshindwa mechi nane, Rayford, sina muda wa huenda. Mwambie akitia sahihi atasoma bure mpaka amalize. Asipotia sahihi, Julai ni yangu, na mwaka wake sitauongeza. Hapo hatacheza wala hatasoma."

"Na nisipomwambia?"

"Atamwambia mwingine. Na Jumatano namchukua yule mtoto wa Florida badala ya mpwa wako. Goti ni lilelile."

Vijana wanasaini mikataba ya kujiunga na vyuo Jumatano, tarehe 3 Februari. Nimepangiwa kumwita Kellen ofisini Jumatatu saa tatu asubuhi.

Lifikirie vizuri, Baba Mkubwa. Wote wawili watasoma. Kellen atapata shahada bila kuumizwa tena, na Corinne hatalipa kitu. Nimewaona vijana waliotupwa bila chochote. Hili si baya kuliko yote niliyoyaona.

Siwezi kulibeba peke yangu. Ukiniandikia niache, nitaacha, na Voss anifukuze. Niandikie.

Rayford


Lowry, Alabama
29 Januari 1999
Kwa posta ya haraka

Kwako Rayford,

Marahaba. Mama yako mkubwa anaendelea vizuri, kidonda kimeanza kufunga. Mapendo yako nimemfikishia.

Umeniomba nikuandikie uache. Sitakuandikia uache, wala sitakuandikia uendelee. Wewe ndiwe uliyekula katika nyumba zote mbili.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, kwa Mama yako mkubwa, Corinne na Tavares. Sikuruka neno. Nilipomaliza, Corinne alikuwa wa kwanza kusema.

"Wote wawili watasoma, Baba. Rayford ameandika hivyo. Sasa ubaya uko wapi?"

"Ubaya ni kwamba kijana atatia sahihi kwamba ni kilema, na si kilema."

"Mimi natia sahihi kila asubuhi kwamba mikono yangu haina maumivu, ndipo naruhusiwa kufanya kazi." Akaiweka juu ya kitambaa cha meza, mmoja kando ya mwingine. "Itazame vizuri. Unataka ya mtoto wangu nayo iwe hivi?"

Nimefundisha maisha yangu yote, na sikumbuki siku nyingine ambayo mwanafunzi aliniuliza swali nikatazama kitambaa cha meza.

Ndipo Tavares akasema, "Babu, nikikataa, watamwachia Kellen nafasi yake?"

"Hapana. Umesikia barua. Voss atamchukua yule wa Florida."

"Kwa hiyo nikikataa, tunakosa nafasi wote wawili."

"Ndiyo."

"Na nikikubali, halafu goti langu likaumia?"

Corinne aliondoa mikono yake mezani. Tavares aliwatazama wote, mmoja mmoja, kisha akasema, "Mjomba atanibeba," akacheka kidogo. Sijamsikia akicheka namna ile kabla ya hapo, wala sitaki kumsikia tena.

Mama yako mkubwa akasema, "Leander, nenda Talmadge."

Nilikwenda jana. Nilivaa suti. Kocha wao alinipokea vizuri, akanipa kiti, yeye mwenyewe akabaki amesimama. Aliniambia kwamba nafasi ile waliijaza Desemba. Wamempa kijana wa mji wa Mobile. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, na hapo akasema, "Mwalimu, tungeambiwa vizuri, faraghani, ningemngojea mpaka siku ya mwisho."

Sasa sikiliza ninachotaka kwako, kwa maana ni kimoja tu. Usimwite Kellen ofisini. Kesho barua hii itakuwa mkononi mwako. Keshokutwa ni Jumapili. Mchukue kijana kwenye gari lako, umpeleke Kentucky kwa mama yake. Keti pale ulipoketi. Mwambie mwenyewe, kwa kinywa kilekile, kijana akiwa anasikia, kwamba mtoto wake atapona na kwamba mnataka aandike kwamba hataweza kupona. Mwambie na kuhusu Julai. Mwambie ni mpwa wako anayeingia. Mwache aulize maswali yote anayotaka. Usile chochote.

Ukishindwa kulisema pale, basi hukuwa na haki ya kulisema mahali popote.

Jumatano saa mbili asubuhi shule itaandaa meza kwenye ukumbi wa mazoezi. Mwalimu mkuu amemwita mtu wa gazeti. Wako vijana wawili wengine wanaosaini siku hiyo, na kila mmoja atakuwa na kofia ya chuo chake mbele yake, aivae kamera zikimtazama. Kofia ya Tavares Corinne aliinunua tangu Oktoba. Iko juu ya friji. Tangu niisome barua yako hakuna aliyeigusa; Corinne hufungua friji, huchukua maziwa, hufunga, bila kuinua macho.

Nimemwambia Tavares kwamba uamuzi ni wake na kwamba sitamlaumu kwa lolote. Aliniuliza mimi ningefanya nini. Nilimwambia sijui, na ni kweli. Tangu jana yuko nyuma ya nyumba anapasua kuni. Zilizopo zinatosha baridi ya mwaka huu na ya mwaka ujao, naye bado anapasua.

Usimpigie simu. Usimpigie na Corinne. Akishaamua nitakuandikia mimi, nayo itakuwa barua ya neno moja, ndiyo au hapana, ili uone kwamba inawezekana.

Mimi,
Leander Tolliver